Bastola ya Bwana Jemu

Mzee Khalfani wa Kipawa alikuwa na tabia moja ambayo majirani waliihesabu kuwa ukarimu tu. Mzungu yeyote aliyetoka uwanja wa ndege akapotea njia, akakatiza mtaani kwao na begi mgongoni, mzee alimwita, akampa kiti barazani, akaagiza chai. Sukari ikiwa haijayeyuka, alikuwa ameshamuuliza jina lake, jina la baba yake, na kama katika ukoo wao aliwahi kuwapo mtu aliyefika pande hizi zamani akaondoka bila mizigo yake yote. Mkalimani alikuwa mjukuu wake, Raudha, kila alipokuwa likizo. Wazungu walijibu kwa adabu, wakanywa chai, wakapiga picha na kuku, wakaenda zao. Mzee alibaki barazani kama mwanafunzi aliyesomewa majina ya waliofaulu, na la kwake halimo.

Sababu ya chai zote hizo ilikuwa uvunguni mwa kitanda chake, ndani ya sanduku la bati, imeviringishwa katika kaniki. Ilikuwa bastola.

Wenye moyo mwepesi watulie. Haikuwa bastola ya kumtisha mtu. Ilikuwa ya enzi za fataki, silaha ambayo mwenyewe alishindilia baruti na risasi tundu baada ya tundu, kisha kwa nyuma akalivisha kila tundu kikofia kidogo cha shaba, ndicho hicho fataki, na mpaka amalize shughuli hiyo adui yake angekuwa ameshafika kwake, ameoga na amelala. Tena nyundo yake ilikwishashikwa na kutu, ikagoma kabisa. Lakini ilikuwa nzuri. Chuma chote kilitiwa nakshi za majani na maua yaliyojisokota kama mmea wa maboga ulioachiwa uwanja, na katikati ya majani alikimbia sungura mmoja huku akitazama nyuma, mfano wa mwanafunzi aliyeruka ukuta wa bweni. Ubavuni palichorwa herufi mbili: J na M.

Bastola hiyo iliingia katika ukoo kwa Jabiri, babu yake mzee Khalfani. Jabiri, siku zake zilipokwisha, alimkabidhi mwanawe na kumwambia maneno machache: hii si yetu, ni amana, watu wake watakuja. Alipoulizwa watu gani, kauli ilikuwa imeshakatika. Mwanawe, ambaye alikuwa amefundishwa kusoma, akaziangalia zile herufi, akaamua kwamba mwenye mali ni Mzungu. Tangu hapo mwenye mali akaitwa Bwana Jemu.

Bwana Jemu alikua vizuri katika nyumba ile kuliko watoto wengi. Baba yake mzee Khalfani alimpa ndevu. Mzee Khalfani mwenyewe alimpa kofia, na ugonjwa wa homa uliomfanya aondoke kwa haraka. Bibi Somoe, mkewe, Mungu amrehemu, aliwanyamazisha watoto kwa kuwaambia kwamba Bwana Jemu anaweza kufika leo na hapendi kelele. Raudha, akiwa darasa la tano, aliwahi kushauri kwamba J huenda ni Jabiri mwenyewe na suala likafungwa. Babu yake hakusema naye mpaka alipoomba radhi.

Basi mwaka huu jina la mzee Khalfani likatoka katika watu wa kwenda Hijja.

Alikuwa ameingojea safari hiyo tangu yeye na Bibi Somoe walipoahidiana kwenda pamoja. Bibi akatangulia safari nyingine, na mzee akasema ataenda kwa niaba ya miguu yote minne. Mwaka jana presha ilimlaza hospitali, na daktari alisema neno moja tu, kwamba kama ana safari asiicheleweshe. Kwa hiyo shangazi Najma, binti yake mkubwa, alihama kwa muda kutoka Temeke kuja kumwandaa. Ihramu ilifuliwa, kandambili zilinunuliwa, dawa zilipangwa kwenye kopo. Mzee alizunguka mtaa mzima akiwaomba watu radhi, hadi muuza maji aliyewahi kumfokea, hadi mbuzi wa jirani aliyewahi kumrushia jiwe.

Kisha akarudi nyumbani, akakaa kitandani, akasema haendi.

Alieleza kwa utulivu, na ndiyo maana ilitisha. Mtu haendi nyumba ya Mungu na amana ya mwenzake uvunguni. Watu wote ameshawarudishia vyao isipokuwa Bwana Jemu. Shangazi Najma alimkumbusha kwamba mwenyekiti wa serikali ya mtaa amepita juzi na kipaza sauti kutangaza muda wa msamaha: mwenye silaha isiyo na kibali aipeleke kituoni, hataulizwa kitu. Basi ipelekwe, mambo yaishe. Mzee akamtazama binti yake kama mtu aliyependekeza kumchinja mgeni.

"Nitasalimishaje kitu cha watu? Mwenyewe akija nimwambie nini, nenda kituoni kaulizie?"

Shangazi alikwenda jikoni kulia kwa siri, lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa Temeke, siri yake ilisikika mpaka nyumba ya tatu. Kiongozi wa kundi la mahujaji alitaka pasi za kusafiria Jumamosi. Ya mzee isipofika, nafasi yake ingepewa mwingine.

Hapo ndipo jukumu la kuiokoa Hijja likamwangukia mtu ambaye hakuna kamati duniani ingemteua.

Raudha alikuwa kidato cha tano katika shule ya bweni ya wasichana huko Morogoro. Kitaaluma alikuwa mzuri. Kitabia, faili lake lilikuwa nene. Ni yeye aliyetangaza mbele ya mstari wa asubuhi kifo cha kengele ya shule, akaisomea wasifu wa marehemu kuanzia kuzaliwa kwake kama rimu ya lori, akaomba dakika ya ukimya, na shule nzima pamoja na mwalimu wa zamu wakanyamaza. Kengele ilikutwa baadaye imevikwa sanda jikoni. Mtu wa namna hiyo, akiambiwa kwamba safari ya babu yake inakwama kwa sababu mwenye bastola hajulikani, halii jikoni. Anajiuliza mwenye bastola anatengenezwaje.

Kwanza aliwafikiria Wazungu halisi. Kaka wa rafiki yake alifanya kazi na fundi mmoja Mzungu kwenye mitambo ya gesi Kinyerezi. Ikabainika kwamba jina la fundi huyo halina J wala M, na tena inasemekana hajui kusema uongo, kasoro mbili zilizomwondoa mara moja katika kinyang'anyiro. Ndipo akamkumbuka mzee Nikodemu.

Mzee Nikodemu alikuwa jirani wa nyumba ya pili, Mnyamwezi wa Tabora, mstaafu wa reli, mfuga kuku. Kwa mzee Khalfani, Mzaramo wa kuzaliwa, alikuwa mtani, na alikibeba cheo hicho kama wengine wanavyobeba ukuu wa wilaya. Bibi Somoe alipofariki, ni mzee Nikodemu aliyejifunga khanga ya marehemu, akazunguka uwanja wa matanga akimwigiza bibi anavyomgombeza mumewe juu ya wali ulioungua, mpaka waliokuwa wakilia wakacheka, na mzee Khalfani, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni, akaomba uji. Mtu kama huyo, Raudha alifikiri, anaweza kusema lolote kwa uso mkavu. Na likigundulika, maneno ya mtani hakuna anayeyapeleka kortini.

Alimkuta nyuma ya nyumba akiwamwagia kuku pumba. Akamwamkia kwa heshima zote.

"Marahaba, mjukuu wa wavivu. Babu yako ameamka au bado anangoja ngoma ipigwe?"

Raudha akamweleza mpango. Alikuwa ameupanga vizuri, mwenyewe aliuonea fahari. Mzee Nikodemu angefika rasmi na kusema kwamba babu wa babu yake aliitwa Joakimu Maganga, J na M hizo hapo, aliyebatizwa na mapadri na kupewa bastola kwa uaminifu. Babu angekabidhi amana, moyo ungetulia, Jumamosi pasi ingekwenda. Kisha akatoa simu, akamwonyesha picha alizokuwa amepiga kwa kuibia babu alipokwenda kuswali: maua, herufi, sungura.

Alitegemea kicheko. Mzee Nikodemu aliichukua simu, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu. Alimtazama sungura kwa muda mrefu sana hata kuku wakaanza kumdonoa viatu. Hakutukana Wazaramo. Hakuuliza atapata nini. Alirudisha simu, akasema atakuja kesho baada ya alasiri, akaingia ndani bila kumalizia pumba.

Raudha alirudi nyumbani akijipongeza.

Kesho yake mzee Nikodemu alikuja na koti. Koti hilo la buluu la reli lilikuwa limeshuhudia sherehe za kustaafu na mazishi ya wakubwa tu. Alikaa barazani, akakataa chai, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na akaomba mzee Khalfani atoe kile alichonacho uvunguni.

Mzee Khalfani alishtuka, akamwangalia shangazi, shangazi akamwangalia Raudha, Raudha akaiangalia dari. Lakini mzee alikwenda akaleta kaniki yake. Aliifungua juu ya meza. Mzee Nikodemu hakuigusa.

Raudha aliketi mlangoni tayari kumsikiliza Joakimu Maganga akizaliwa. Hakuzaliwa. Mzee Nikodemu alianza mahali pengine kabisa.

Alisema kwao Tabora kulikuwa na babu wa babu yake aliyeitwa Kasonta, kiongozi wa misafara, aliyeshuka Pwani na pembe na kupanda na nguo. Hakubatizwa, na katika jina lake lote huyo mzee hakukuwa na J hata moja. Katika safari mojawapo alimbeba Mzungu mgonjwa kutoka Ugogo hadi kwa wenzake, na Mzungu akampa bastola yake kwa mkono wake mwenyewe. Kibastola chenye maua, ndivyo bibi zao walivyokiita, chenye maua na sungura. Safari iliyofuata ndui ilimkamata Kasonta hapa karibu, Pugu, akafa. Wenzake waliogopa kumgusa. Waliomwosha na kumzika walikuwa watani wake, Wazaramo. Na kama watani wafanyavyo, walichukua kitu cha marehemu, wakasema watu wake waje walie, wakomboe, wachukue. Walichukua bastola.

"Habari ilifika kwetu," alisema mzee Nikodemu. "Watu wakajiandaa kuja. Ikaja vita ya Mjerumani, ikaja njaa, walioijua njia wakafa. Hakuna aliyekuja."

Akamgeukia mzee Khalfani.

"Khalfani, mimi nimekuita mwizi wa bastola tangu nilipohamia mtaa huu. Kwetu kila Mzaramo tunamwita hivyo. Nilidhani ni tusi tu, kama mengine."

Kilichotokea usoni mwa mzee Khalfani kilistahili kuonekana. Kisha ikamtoka polepole kwamba kila alipoitwa mwizi wa bastola, sokoni, misibani, mbele ya msikiti, aliamini siri ya nyumba yake imevuja. Kila mara alirudi nyumbani akaihamisha. Imewahi kulala kwenye pipa la unga. Imewahi kulala darini, ndani ya godoro, na msimu mmoja wa mvua ndani ya sufuria la pilau la shughuli, mpaka shangazi Najma alipotaka kulipikia. Na hakuwahi hata mara moja kumuuliza mtani wake alikuwa na maana gani, kwa sababu nani anamuuliza mtani maana?

Shangazi Najma aliketi chini. Kwa wakati huo, hata kuku walionekana kusikiliza.

Mzee Khalfani akageuka. Alikuwa mzee, hakuwa mjinga. Alimuuliza Raudha mtani amejuaje kwamba kuna kitu uvunguni.

Hapa msichana yule ambaye kengele ya shule ilikufa mikononi mwake alijikuta hana hotuba. Aliona wazi mambo yalivyo. Akinyamaza, babu yake atakabidhi bastola jioni hii na Jumamosi pasi itakwenda. Akisema, kila alichoeleza mzee Nikodemu kinaharibika, maana maua ameyaona kwenye simu, sungura amemwona kwenye simu, na mtani aliyetayarishwa ni shahidi gani? Yeye mwenyewe hakujua kama mzee yule anasema kweli au ameamua kuicheza kazi aliyopewa vizuri kuliko alivyofundishwa. Alimtazama. Mzee Nikodemu alikuwa ameweka mikono juu ya magoti kama mtu anayesubiri kupimwa, na hakumkonyeza.

Akasema. Alieleza yote, Joakimu Maganga na ubatizo wake, picha, mpango mzima, na sauti yake ilizidi kupungua kila alipoendelea. Alimalizia kwa kusema kwamba alitaka babu aende tu.

Hakuna aliyemgombeza, na angependa sana kugombezwa. Babu yake aliiangalia bastola kwa muda. Kisha akamuuliza mzee Nikodemu swali moja tu, bila utani: je, kuna lolote linalosemwa kwao kuhusu silaha hii ambalo kwenye picha halionekani?

Mzee Nikodemu alifikiri. Alisema hajawahi kuiona na hawezi kujifanya ameiona. Lakini kuna jambo bibi yake alilipenda kulisimulia. Mpini wa mwanzo ulikuwa wa pembe, ukapasuka njiani, na Kasonta alichonga mwingine kwa mninga wa kwao, akiwa mgonjwa, akilalamika kwamba kisu hakina makali.

"Basi si hii," mzee Khalfani alisema, na sauti yake ikaanguka. "Hii ni mpingo. Mweusi, unauona mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Mpini ulikuwa mweusi tititi na unang'aa. Raudha alihisi Hijja nzima ikichukuliwa na upepo. Ndipo shangazi Najma akauliza kwa unyonge kama wamesahau rangi ya viatu.

Wanaume wakamgeukia. Shangazi akawakumbusha kwamba kila Idd, tangu akiwa mtoto, kazi yake ilikuwa kuupaka mpini ule dawa ya viatu nyeusi, ili Bwana Jemu akija aikute safi. Kabla yake aliupaka baba yake. Kabla ya baba yake aliupaka babu. Ukoo mzima ulikuwa umeipigisha bastola kiwi kama kiatu cha askari.

Kililetwa kisu cha jikoni. Mzee Khalfani mwenyewe ndiye aliyekwangua, upande wa chini, taratibu kama anayemnyoa mtoto. Ulitoka weusi mwingi, mzito kama lami. Kisha kisu kikafika kwenye mti, na mti ulikuwa mwekundu wa kahawia, wenye mistari. Na kwa kuwa sasa wote walijua wanachotafuta, waliona pia kwamba umechongwa vibaya, kwa mkono wa mtu asiye fundi, na kisu kisicho na makali.

Raudha alishindwa kujizuia, akapiga makofi. Mzee Nikodemu hakufurahi. Alikunja uso, akasema kitu ambacho hakuna aliyekitegemea: mninga hata Pwani upo. Fundi yeyote wa Kisarawe angeweza kuuchonga. Yeye haapi kwamba ndiyo yenyewe, anasema huenda, na Khalfani asije akafika Makka akaambiwa alidanganywa na Mnyamwezi kwa kijiti.

Mzee Khalfani akaweka kisu chini.

"Na Bwana Jemu?" aliuliza, kana kwamba anamuulizia mtu wa nyumbani.

"Kama ndiye yule Mzungu, alishatoa kwa mkono wake. Hadai kitu, Khalfani. Hakuwa anakuja."

Mzee Khalfani aliitazama njia inayotoka uwanja wa ndege. Alikuwa akiwaza, labda, chai zote zile. Baba yake aliingojea njia hiyo ikiwa bado kichochoro cha mikorosho, na hakuna aliyewahi kumwambia anaweza kuondoka barazani. Raudha alidhani atalia. Lakini alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya ujana zaidi kuliko asubuhi.

Alisema mtu anayetaka kumdanganya mwenzake hamwongezei mashaka. Alisema pia kwamba Nikodemu amekaa hapa tangu alasiri na hajamtukana hata mara moja, na kwa jinsi anavyomjua, hilo ni zaidi ya kiapo. Amana inarudishwa kwa unayemjua ukiwa na dhana njema, na yaliyobaki ni ya Mungu. Akaikunja kaniki, akaisukuma ng'ambo ya meza.

Mzee Nikodemu hakuipokea.

"Mtani hakomboi bure," alisema, akainuka na koti lake, akatoka.

Alirudi na jogoo mwekundu kwapani, yule anayewafukuza kuku wengine uani kwake. Alimweka mbele ya mzee Khalfani, akasimama wima, akasema kwa Kinyamwezi maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa ila wote waliinamisha vichwa. Kwa Kiswahili akaongeza kwamba watu wa Kasonta wamekuja kulia, wamechelewa kidogo, na wanawashukuru waliomzika. Mzee Khalfani alimpokea jogoo. Alimpapasa kifua, akampapasa mapaja, akatingisha kichwa kwa masikitiko.

"Kasonta mzima, kiongozi wa misafara, mnamkomboa kwa mifupa hii?"

"Huyo kafanana na mchumba uliyemtaka ujanani," mzee Nikodemu alijibu, na shangazi Najma akaficha uso kwa mtandio. Dunia ilikuwa imerudi mahali pake.

Asubuhi iliyofuata, mwenye mali akiwa ni yeye sasa, mzee Nikodemu alitoa amri kwamba mali yake ipelekwe kituoni ndani ya muda wa msamaha. Walikwenda pamoja. Raudha alibeba mfuko kwa adhabu, na aliagizwa asitoe wazo lolote njiani. Askari wa kaunta alifungua kaniki, akafunga, akafungua tena, akaita mwenzake. Waliulizwa ni ya nani. Wazee wawili walitoa maelezo kwa zamu, wakapingana kuhusu ndui, wakapingana kuhusu Ugogo, wakatukanana kuhusu jogoo, mpaka mkuu wa kituo akatoka ofisini kuona kuna nini. Yeye aliigeuza bastola mkononi, akamtazama sungura, akasema kitu kama hiki hakiyeyushwi, atawaandikia watu wa makumbusho waje kukiangalia, na huenda wakajua yule J na M alikuwa nani. Mzee Nikodemu aliomba kikiandikwa kibao, Kasonta asisahauliwe. Mkuu wa kituo alisema hawezi kuahidi, ila atalisema. Mzee Khalfani alimwombea dua hapohapo kaunta, na askari wote wakaitikia amina.

Jumamosi pasi ilikwenda.

Siku ya safari, mtaa mzima ulimsindikiza, maana uwanja wa ndege ulikuwa pua na mdomo na nyumba. Mzee Khalfani alikuwa katika nguo nyeupe, mfuko wa dawa shingoni, shangazi Najma akimkumbusha kila hatua jambo alilokwisha kumkumbusha hatua iliyopita. Aliwaaga wote. Alimvuta Raudha sikio, hakusema kwa lipi, kisha akambusu kichwani palepale. Akabaki mzee Nikodemu, aliyesimama pembeni na koti la reli, akijifanya anasoma vibao.

Watu hawamwombi mtani radhi, kwa kuwa kati yao hakuna kinachohesabiwa. Mzee Khalfani aliiomba. Aliiomba kwa sauti, mbele ya watu, kwa yote aliyomtendea yeye na waliomtangulia.

Mzee Nikodemu aliushika mkono wake, akachelewa kuuachia.

"Radhi nimekupa, nenda nayo," alisema. "Ila na uzee wako huo usije ukafia huko kwa uvivu wa kurudi. Nani atanizika mimi? Huyu mjukuu wako atanisomea wasifu wa mtu mwingine."

Mzee Khalfani alicheka. Alicheka akielekea mlangoni, akacheka akitafuta pasi kwenye mfuko wa dawa, na mlinzi wa mlangoni alimwomba mara mbili asimame vizuri ili alinganishe uso wake na picha.